Pikipiki Yenye Kwikwi

Kila Kebaso alipokwenda Bomet kumwona mkewe, alitolewa kiti cha plastiki akaketi kwenye koridoo. Phelis, mke wa mwanawe, alikipangusa kwanza kwa leso, akakiweka nje ya mlango, na chai ikamfuata huko huko. Ndani mzee hakuingia. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kati kwa pazia, na nyuma ya pazia ndipo kilipokuwa kitanda cha mwanawe Nyakundi na Phelis. Mkisii aliyelelewa akaleleka haingii anapolala mke wa mwanawe, seuze kulala humo mwenyewe. Basi aliketi pale, magoti yameshikana, wapangaji wakimruka na ndoo zao za maji, nguo zilizoanikwa zikimdondokea kwenye kofia. Mkewe Bilhah aliketi kizingitini na mjukuu wao Omariba mapajani. Waliongea habari za ng'ombe, wakaongea habari za mvua, na mtoto alipolia Bilhah aliinuka akaingia ndani, Kebaso akabaki anatazama mlango. Jua likianza kuinama aliaga, akarudi zake Roret.

Hapakuwa mbali. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mke akiwa ng'ambo unajua yuko ng'ambo, moyo unatulia. Lakini wa Kebaso alikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, na bado alikuwa hamfikii.

Mambo yalianza na goti. Bilhah alikuwa anatoka sokoni amepanda boda boda ya kukodi, anapandishwa mlima wa kwao, ule wa udongo mwekundu unaotoka kwenye lami mpaka juu walipo. Walipofika kwenye kona ya kwa Mama Abigael, pikipiki ilikohoa, ikasita, ikazima. Ikaanza kurudi nyuma. Dereva aliruka. Bilhah, na kapu lake la nyanya, akaenda nayo mpaka ndani ya majani chai ya wenyewe. Goti likafura kama andazi la harusi, na hospitali ikamwambia asipande milima kwa miguu. Wakati ule ule Phelis alikuwa amejifungua, Nyakundi yuko safarini na lori lake, na kibanda cha nguo cha Phelis sokoni kinataka mtu. "Wacha nikamshikie mtoto goti likipoa," Bilhah alisema. Goti lilipoa. Ila kutembea mlima ule hakuweza tena, na kupanda boda boda aliapa hatapanda. Mtoto akaota meno, akaanza kutambaa, na nyanya yake akiwa bado kwenye lami ya Bomet.

Huku nyuma Kebaso aliishi kama mgeni kwake mwenyewe. Alipika ugali, ukatoka mara uji mara jiwe. Alichuma majani chai peke yake, na alipofika mwisho wa mstari aligeuka kusema neno, halafu akakumbuka. Gumbuti za Bilhah, viatu vyake vya mpira vya shambani, zilikuwa pale pale mlangoni, moja imeegemea nyingine. Alizikung'uta kila wiki ili buibui wasifanye nyumba humo.

Bonasi ya chai ilipotoka, akauza na ndama mmoja kuongezea, akanunua pikipiki. Si ya mtumba, hapana. Alitaka mpya kabisa, ambayo hakuna mtu amewahi kuipiga kiki, kwa sababu hesabu yake ilikuwa moja tu: iliyomwangusha Bilhah ilikuwa kuukuu, kwa hivyo mpya haitamwangusha. Nyakundi alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule likizo moja, mzee akajifunza upesi kuliko walivyodhani.

Alimpigia Bilhah simu kumwambia. Bilhah akauliza, "Kiti chake kina urefu gani?"

"Kiti?"

"Si nimekuuliza urefu wa kiti, Baba Nyakundi? Pima kwa kamba, uniambie ni shubiri ngapi."

Alipima. Baada ya hapo kifurushi kikaletwa na dereva wa matatu, kimefungwa kwa gazeti na uzi wa katani. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha kiti, kimefumwa kwa kroshia, uzi wa rangi ya maziwa na maua ya zambarau, kama vile vilivyofunika makochi yao yote, redio, na hata mtungi wa maji. Pembeni kilikuwa na shada za nyuzi. Na kwa sababu Bilhah alijua mvua ya huko kwao haikosi mchana, alikiwekea bitana chini: nailoni nyepesi aliyoikata kutoka kwenye aproni yake ya kuchumia chai. Bitana hiyo aliikata ndefu kuliko kitambaa, ili ishuke, ikunjwe, ifungwe chini ya kiti, maji yasiingie.

Kebaso alikishika kitambaa kile akakinusa. Kilinuka sabuni na maziwa ya mtoto. Mwanamke ambaye hataki kuja hawezi kufumia pikipiki kitambaa, alijiambia. Siku hiyo hiyo akakivalisha kiti, bitana akaisukuma ndani vizuri chini ya kiti, kamba akazifunga mafundo mawili mawili. Tangu hapo hakuiendesha bila kile kitambaa hata mara moja.

Wiki za kwanza alikwenda pole pole, kama alivyoambiwa dukani, maana injini mpya haikimbizwi. Akawa anatambaa nayo kwenye lami, watoto wa shule wakimpita kwa miguu wakimpungia. Siku za kuizoesha zilipokwisha, akaielekeza kwenye mlima. Akavuta mafuta.

Pikipiki ikasema *hik*.

Ikasita, kichwa kikainama mbele, halafu ikashika moto na kuruka. Akapunguza mafuta, ikatulia. Akavuta tena. *Hik.* Alikumbuka alivyosimuliwa: ilikohoa, ikasita, ikazima.

Fundi wa karibu alikuwa Kiptum, kijana mnene mwenye banda lake pale Roret. Kebaso alifika, akashuka, na kabla ya kusalimia akafungua zile kamba, akakivua kitambaa, akakikunja mara nne na kukiweka kifuani ndani ya koti. Mikono ya Kiptum ilikuwa na grisi mpaka viwiko, na suruali yake ilikuwa inaweza kusimama yenyewe.

"Chamgei, boiyot," Kiptum akamsalimu mzee kwa Kikipsigisi. "Hiyo pikipiki umeivua nguo mbele ya watu?"

"Tazama kazi yako. Ina kwikwi."

"Mpya namna hii? Labda umeinywesha maji haraka."

Vijana wa boda boda waliokuwa wameketi kwenye gogo wakacheka. Lakini Kiptum alikuwa fundi. Alifungua kabureta, akapuliza jeti, akatazama plagi, nayo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya makaa. "Inakunywa petroli nyingi kuliko hewa," akasema. "Hizi zinapimwa huko chini kwenye joto. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi." Akateremsha sindano ya kabureta kijino kimoja, akageuza skrubu ya hewa, akasikiliza, akageuza tena. Kisha akaipanda, akavuta, ikaondoka kama imefukuzwa na nyuki. Ikapanda mlima wote, ikageuka, ikarudi. Hakuna kwikwi.

Kebaso alimshukuru mpaka akaishiwa na maneno. Akatoa kitambaa kifuani, akakivalisha, akasukuma bitana, akafunga kamba. Akaondoka. Hata hajafika kwenye mnara wa simu: *hik*.

Alirudi, akavua kitambaa, akakikunja. Kiptum akageuza skrubu, akaipanda, ikaenda safi. Kebaso akavalisha, akapanda, ikamfanyia kwikwi. Siku ya pili hivyo, na siku iliyofuata hivyo. Vijana wa kwenye gogo walianza kumngoja kama watu wanaongoja mechi.

"Mzee, pikipiki inajua mkono," mmoja akasema. "Hii imejua wewe ni mtu wa chai. Unavuta mafuta kama unachuma: majani mawili na chipukizi, tap!"

"Inamkataa," mwingine akasema. "Inataka bibi wa nyumba ndio imheshimu."

Yule hakujua alichosema. Kebaso aligeuka akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kiptum alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Boiyot, usiwasikize. Lakini mimi nikiipanda iko sawa, umeona mwenyewe. Vuta pole pole. Ni mkono."

Basi mzee akaenda nyumbani kufundisha mkono. Alikuwa akikaa jikoni akishika mpini wa jembe, anauzungusha kidogo kidogo, ndama aliyebaki akimtazama kutoka mlangoni. Mkono wake huu ulikuwa umechuma chai miaka yote ya ujana wake kwenye shamba la kampuni, ulikuwa umelea, umejenga, umezika. Sasa umeambiwa haujui kuzungusha kitu kidogo kama gunzi la mahindi. Na kwa kuwa jikoni hapakuwa na mtu wa kumsikia, alisema kwa sauti, "Bilhah, njoo tu. Mimi nitakubeba mgongoni."

Bilhah akapiga simu Alhamisi.

"Phelis amepata msichana wa kumsaidia na mtoto. Nitakuja Jumamosi. Lakini sikia, Baba Nyakundi."

"Nasikia."

"Nitajaribu mara moja tu. Ikinitingisha kwenye huo mlima, nitashuka, nitarudi huku, na usiniite tena. Uuze hilo shamba ukuje tutafute nyumba huku kwenye lami, ama ukae na chai yako. Mimi siwezi kuanguka mara mbili."

"Haitakutingisha."

"Iko sawa kabisa?"

"Iko sawa."

Huo ulikuwa uongo, na alijua. Lakini mngoje mtu kama alivyongoja yeye, halafu useme ungejibu nini.

Jumamosi alioga mapema. Akapaka gumbuti za Bilhah mafuta. Mvua ilinyesha kidogo saa za mchana, ikaacha njia ikiwa inang'aa. Alishuka mlima taratibu, akamkuta amesimama kando ya lami na begi lake, amefunga kilemba cha kijani, leso imekazwa juu ya gauni kama anakwenda kazini. Alikuwa amenenepa kidogo. Kebaso hakumshika mkono, maana watu walikuwepo, ila alichukua begi na kulifunga mbele juu ya tangi, akachukua muda mrefu kuliko begi lilivyohitaji.

"Kitambaa kimekaa vizuri," Bilhah akasema.

"Sijakivua." Akafikiri. "Isipokuwa kwa fundi."

Akapanda. Mikono yake ilipomshika kiunoni, Kebaso alisahau kupiga kiki. Ilibidi Bilhah aulize kama wanangoja abiria mwingine.

Sehemu ya chini ya mlima si kali. Alivuta mafuta kama alivyofundishwa, uzi kwa uzi, na pikipiki ikanguruma ikibeba wawili. Wakapita kanisa. Wakapita kituo cha kupimia majani chai. Njia ikaanza kuinuka, injini ikalegea, ikataka nguvu. Hakuwa na la kufanya, akaongeza.

*Hik.*

Pikipiki ikainama, wakasukumwa mbele, ikaruka. Bilhah alitoa sauti ndogo, si ya kupiga kelele, sauti kama ya mtu aliyeguswa kidonda. "Simama. Simama, simama."

Akasimama. Bilhah akashuka, mguu mmoja kisha ule mwingine, akashika kiti kwa nyuma asiteleze. Uso ulikuwa umepauka. Mbele yao, juu kidogo, kona ya kwa Mama Abigael ilionekana, majani chai yakiwa yameoshwa na mvua.

"Uliniambia iko sawa."

"Nilitaka uje."

Bilhah alitazama chini kwenye lami walikotoka, akatazama juu nyumbani, akapima kwa macho, na Kebaso akajua anapima njia ipi ni fupi kwa goti lile.

"Begi langu liko huko mbele," Bilhah akasema mwishowe. "Nitatembea mpaka kwangu nikapumzike. Kesho utanirudisha na gari la mtu."

Basi wakaenda hivyo. Kebaso alishuka, akatia gia ya kwanza, akawa anatembea upande wa kulia ameshika usukani, akiipa mafuta kidogo kidogo ili ijisukume. Bilhah alitembea upande wa kushoto, ameshikilia chuma cha nyuma ya kiti kama mkongojo, kichwa ameinamisha anachagua pa kukanyaga. Injini ilisema *vuu*, ikasita, *vuu*, ikasita. Kebaso alikuwa anafikiria kesho, na kile kiti cha plastiki kwenye koridoo.

"Baba Nyakundi."

"Eeh."

"Kiti chako kinapumua."

Alidhani mkewe anamcheka. Akageuka, akaona hamtazami yeye kabisa. Ameinama, anatazama ubavuni, pale kiti kinapokutana na plastiki ya pembeni.

"Kipe mafuta tena. Hapo hapo ulipo, usitembee."

Akavuta mafuta. Ukingo wa kitambaa, pamoja na shada zake, ukavutwa ndani kama shavu la mtu anayenyonya muwa. *Hik.* Akaachia, ukarudi nje.

"Zima," Bilhah akasema.

Alifungua mafundo kwa kucha. Akaingiza mkono chini ya kiti mpaka kifundo, akaivuta ile bitana polepole, naye akijua imekatwa vipi kwa maana ni yeye aliyeikata. Nailoni ilitoka ina mikunjo, na katikati yake palikuwa na duara la vumbi, limechorwa sawasawa kama chini ya kikombe. Akachungulia humo ndani. Palikuwa na mdomo wa plastiki, unatazama juu.

"Hapa ndipo inapovutia hewa?"

Kebaso alichungulia pia. Vichwa vyao viligusana. Alitazama ule mdomo, akatazama lile duara, na ile safari yote ya kwa Kiptum ikamrudia moja moja: namna alivyovua, alivyokunja, alivyoweka kifuani.

"Kila Kiptum akiipanda," akasema polepole, "mimi nilikuwa nimekitoa."

"Kwa nini ukitoe?"

"Ana grisi huyo. Kingechafuka."

Bilhah alisimama ameshika nailoni mkononi. Mabega yakaanza kumtetemeka, na Kebaso akaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea pikipiki, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Kumbe ni mimi niliyeikaba koo! Nimekaa Bomet nafuma, nafuma, nasema huyu mzee asiloe makalio. Maskini fundi wa watu."

"Waliniambia ni mkono wangu."

"Mkono wako?" Akamtazama, kicheko kikaisha. "Mkono wako una nini?"

Kebaso aliutazama mkono wenyewe.

"Tukitoe tu," Bilhah akasema.

"Hapana."

"Kebaso. Si nitafuma kingine."

"Hicho hakitoki."

Hakubishana naye. Alichomoa pini kwenye leso yake, akaikunja bitana kuelekea juu, mara mbili, akaibana chini ya maua ya zambarau mahali haitaonekana, akaupigapiga mdomo ule wa hewa kwa kidole kuhakikisha uko wazi. Kebaso akapiga kiki. Akavuta mafuta kwa nguvu zote, kwa ule mkono wa kuchuma chai. Injini ikaitikia moja kwa moja, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye majani.

Akaachia. Akashika breki, akatazama mbele. Alikuwa na maneno mengi na aliyameza yote, kwa sababu alikwisha kumdanganya mara moja. Kama angepanda, apande mwenyewe.

Bilhah alisimama njiani kwa muda. Alikuwa anatazama kona. Kisha akakaza leso, ambayo sasa haikuwa na pini, akafunga fundo kiunoni.

"Usiongee," akasema. "Usinitulize, usiniambie tumefika wapi. Endesha tu."

Akapanda. Safari hii hakushika kiuno, alizungusha mikono yote miwili mpaka mbele, na uso akauficha mgongoni kwa mumewe. Pikipiki ikaondoka. Kwenye kona palikuwa na mfereji uliochimbwa na maji, Kebaso akaukwepa, akavuta, ikapanda bila kusita. Alisikia pumzi ya Bilhah kupitia koti, moto mahali pamoja. Alitamani mlima uwe mrefu zaidi.

Walipofika uani alizima, lakini Bilhah hakushuka upesi. Aliinua uso akatazama nyumba, ng'ombe, mistari ya chai iliyochumwa ovyo na mtu mmoja. Halafu akageuka akatazama upande wa Bomet, ambako hakuonekani kitu ila vilima na ukungu.

"Saa hii ndiyo saa ya Omariba kunywa uji," akasema. "Huyo msichana hajui kwamba lazima umwimbie ndio ameze."

Kebaso alitazama huko huko. Alijua sura ile. Alikuwa ameivaa yeye tangu siku ya goti.

"Jumatano utanishusha nikamwone?"

"Nitakushusha."

"Na jioni utanipandisha."

"Nitakupandisha, Mama Nyakundi."

Bilhah akatikisa kichwa kukubali, akashuka, akaenda jikoni akichechemea kidogo. Kebaso alibaki ameketi juu ya pikipiki, begi bado liko kwenye tangi. Alisikia kifuniko kikianguka. Alisikia dirisha likisukumwa, lile ambalo yeye hakuwahi kulifungua. Kisha sauti ikatoka kwa hasira, ikajaza ua wote:

"Baba Nyakundi! Nani ameweka chumvi kwenye mkebe wa majani chai?"

Hakujibu upesi. Alitaka kumsikia akiuliza tena.